Vidonge Katika Kopo la Maziwa

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, nilipokuwa nikisomea biolojia, niliishi kwa shangazi yangu Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Shangazi alikuwa amepunguzwa kazini katika shirika moja la umma. Kwa kuwa siku hizo kila mtu alikuwa ameruhusiwa kuuza awezacho, yeye aliuza wali na maharage chini ya turubai mbele ya nyumba. Wali wake, Mungu anisamehe, ulikuwa wa kawaida. Kilichowaleta wauza spea wa mtaa mzima ni kachumbari, na kachumbari nilikuwa naikata mimi.

Kisha nikaugua homa ya matumbo. Naishuku juisi ya miwa niliyokunywa Mchikichini nilipokwenda kuchagua viatu vya mitumba. Shangazi hakujali nimeitoa wapi, alijali wateja.

"Ukiulizwa, una malaria," aliniagiza. "Malaria haimfukuzi mtu mezani."

Mzee wa Kihindu mwenye duka la dawa pale kwenye kona alisoma cheti changu cha daktari, akanipa vidonge vya siku kumi na nne. "Vyote, binti. Mpaka cha mwisho."

Nilimjibu kwa majivuno ya mwanachuo kwamba najua. Na kweli nilijua: muhula uleule nilikuwa nimeandika insha nzima juu ya salmonela, jamii ya bakteria waletao homa hiyo. Seli ya kinga humeza bakteria, humfungia katika kifuko, kisha humwagia tindikali na vimeng'enya vya kumyeyusha. Wengi hufia humo. Salmonela huionja ile tindikali akajua kwamba amefika nyumbani. Hutengeneza protini zake, akazipenyeza nje ya kifuko na kuvuruga njia za vimeng'enya, kisha akazaana kwa raha zake ndani ya askari aliyetumwa kumuua. Insha ilisifiwa.

Siku ya sita homa ilishuka. Nikafanya kama ilivyokuwa desturi ya nyumba yetu: vidonge vilivyobaki nikavitia katika kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, vilimowekwa vingine vya kila rangi vikimsubiri mgonjwa ajaye. Kumeza dawa ukiwa mzima tuliona ni ubadhirifu. Nikarudi kwenye vitunguu vyangu.

Baada ya wiki mbili homa ilinirudia. Shangazi alipanda kiti kutafuta dawa ya kichwa, akashuka na kopo zima.

"Hivi vya nani?"

"Vyangu, shangazi. Nilikuwa nimepona."

"Ulipona, au ulichoka kumeza?"

Nikajaribu kumweleza habari za seli na vifuko. Akaniangalia kama mtu anayepimiwa sukari pungufu. Ndipo nikamkumbusha yule muuza soksi wa mtaani kwetu, aliyekamatwa na mgambo akatupwa ndani ya lori. Lori lilipofika lilikokwenda, alikuwa ameshawauzia mgambo soksi jozi sita, na kesho yake alirudi akiuliza lori litapita saa ngapi.

"Mgambo ndio seli, shangazi. Wamemmeza, naye akafungua duka tumboni mwao. Dawa ilimaliza waliokuwa barabarani. Huyu wa ndani ya lori alihitaji siku zilizobaki."

Shangazi alicheka mpaka akashika kabati. Kisha kicheko kikakatika.

"Na wiki mbili hizi, ukitoka chooni ukija kwenye kachumbari yangu, huyo muuza soksi ulikuwa naye?"

"Inawezekana."

"Ulikuwa unanawa?"

"Ndiyo."

"Kwa sabuni?"

Sijapata kuulizwa swali gumu kuliko hilo, chuoni wala kwingine. Sahani zile ndizo zilizotulisha. Shangazi akisema, wateja watavuka barabara kwenda kwa jirani. Akinyamaza, huenda wakaugua. Asubuhi alimwaga kachumbari yote, na mchana akasimama mbele ya mabenchi akasema kila kitu, pamoja na habari ya sabuni, ambayo nilidhani ingebaki ndani ya ukoo.

Muuza spea mmoja wa kutoka Kilimanjaro, tuliyemwita Mangi kama mtaa ulivyowaita watu wote wa kwao, akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo, mama, ile malaria tumeila na kachumbari?"

Wengine walicheka, watatu waliinuka wakavuka barabara.

"Atakayehisi homa aende akapimwe," alisema shangazi. "Kachumbari hakuna mpaka huyu amalize dozi mpya ya siku kumi na nne na hospitali imkague. Na kidonge cha mchana atakimezea hapahapa, mkiona."

Ikawa hivyo. Kila mchana niliketi kando ya sufuria na kikombe cha maji.

"Meza, daktari!"

"Inua ulimi tuone!"

"Zimebaki siku tano!" Mangi alitangaza hadi ng'ambo ya barabara. Siku ya kumi wale watatu walirudi, nadhani kwa ajili ya tamasha kuliko wali. Hatukusikia aliyeugua.

Majibu ya hospitali yalipotoka safi, shangazi alinikabidhi kipande cha sabuni, akasimama nyuma yangu mpaka povu likafika kwenye viwiko, ndipo akanipa kisu. Mangi aliinua kijiko cha kwanza cha kachumbari, akakichunguza kwenye jua.

"Mama, hii imepimwa?"

"Kuliko wewe," alisema shangazi. "Kula."