Bakuli Lililoganda Kwenye Kabati la Barafu

Kabati la barafu lilikuja kwangu kwa sababu halikuenea kwenye sanduku. Mume wangu alikuwa seremala, na miaka ile ya mwisho ya Mwingereza seremala wa Tabora hakukosa kazi. Wazungu walianza kuondoka mmoja mmoja, na kila mmoja alitaka masanduku ya kufungia vyombo vyake. Mzungu mmoja wa reli alipomaliza kufungasha, kabati likabaki barazani peke yake, jeupe, refu kuliko mume wangu, la kutumia mafuta ya taa. Akamwambia mume wangu, chukua. Akachukua.

Lilikuja kwa mkokoteni, limesimama wima, limefungwa kamba kama mahabusu, na mtaa mzima ukatoka kuangalia. Mimi nilikuwa mlangoni na kanga mpya. Sisemi uongo, siku ile nilijiona mke wa liwali.

Aliyetufundisha ni mzee aliyekuwa mpishi wa yule Mzungu. Mimi sikusoma. Nilipata juzuu chache kwa mwalimu wa mtaani, basi. Lakini aliyoyasema mzee yule niliyashika yote, mume wangu aliyashika nusu.

"Msiliwashe leo," alisema. "Liacheni lisimame mpaka kesho, dawa iliyomo kwenye mabomba itulie. Na lisiegemee ukuta. Mgongoni lina joto, na joto linataka pa kwenda."

Mume wangu akaweka pima maji juu yake. Sakafu yetu ya ukumbini ilikuwa ya saruji, aliipiga mwenyewe, na kona moja ilikuwa chini kidogo ingawa hakutaka kukubali. Akachonga kipande cha mninga, akakisukuma chini ya mguu mmoja, mpaka lile tone la hewa likakaa katikati.

Kesho yake mzee akaniita mimi, hakumwita mume wangu. Alijua nani atabaki nalo. Akanionyesha tangi la chini linavyovutwa, mafuta yanavyochujwa kwa kitambaa yasiingie na uchafu, utambi unavyokatwa sawasawa kwa mkasi. "Moto uwe mdogo, wa buluu," akasema. "Ukiona wa manjano, umelikosea. Ukiona moshi, umeliua."

Niulizeni mimi moto wa buluu! Hakuna mwanamke Tabora nzima aliyewasha kama mimi. Nilisugua bomba la moshi kila Ijumaa. Barafu ikinenepa kwenye kile chumba cha juu cha kugandishia sikuichokoa kwa kisu kama wafanyavyo wajinga. Nilizima moto, nikaweka sufuria ya maji ya moto ndani, nikafunga mlango, nikangoja ianguke yenyewe. Sikuingiza chungu cha moto. Nilifunika kila kitu, tangu siku maziwa yaliponuka samaki wa migebuka na mume wangu akayatema mbele ya mgeni.

Sasa nieleze tulivyokuwa tukiishi kabla yake, ndipo mtaelewa. Nyama haikulala. Ukichinja mbuzi asubuhi, adhuhuri sahani zimeshatoka na kawa juu yake, hii kulia, hii kushoto, hii kwa mjane wa nyuma. Iddi ya kuchinja ndiyo kabisa, fungu la maskini, fungu la jamaa na majirani, fungu lenu. Jioni sufuria zimeoshwa. Tulikuwa tukijisifu kwa ukarimu, na labda ulikuwa ukarimu. Lakini nyama ingeoza vilevile. Hilo nimelijua baadaye.

Jirani yangu wa ua wa pili, tuliotenganishwa na kiambaza cha mabua tu, alikuwa shoga yangu. Mumewe alifanya kazi ya njia ya reli huko Bukene, akija mara moja kwa mwezi. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama yangu akiwa mgonjwa Usoke, ni yeye aliyenikanda kwa maji ya moto siku arobaini. Aliniletea uji wa pilipili manga kwenye bakuli lake la bati lenye ukingo wa buluu, akisimama juu yangu mpaka nimalize. Bakuli lile lilivuka ua wetu kwenda na kurudi, sijui mara ngapi, na halikuvuka tupu hata siku moja. Likija na vitumbua linarudi na maharage. Hatukufundishwa na mtu. Bakuli tupu halirudishwi.

Kabati lilipokaa ukumbini, watu wakaanza kuja kunywa maji ya baridi. Kwanza nilifurahi. Nilikuwa nikiufungua mlango taratibu ili waone. Halafu wakaanza kuona kweli.

"Mh! Shoga, nyama yote hiyo ya nani?"

"Ya kesho."

"Na ile ya nyuma?"

"Ya keshokutwa."

"Haya, wenzetu mna kesho na keshokutwa. Sisi tuna leo tu."

Walicheka, nami nikacheka, lakini nilichomwa. Nikaanza kuona kila anayeomba maji amekuja kuhesabu vipande vyangu. Basi mume wangu aliposafiri kwenda Usoke kutengeneza milango ya ghala, nikalihamisha. Peke yangu. Nililiinamisha juu ya mkeka wa zamani, nikalikokota mpaka chumba cha ndani, nikalisimamisha kwenye sakafu ya udongo, nikaliegemeza ukuta, nikatundika pazia. Sikuweka pima maji wala sikungoja litulie. Nikaliwasha siku ileile. Yote niliyofundishwa niliyajua, na yote niliyavunja mchana kweupe.

Mume wangu aliporudi akauliza.

"Ukumbini kuna upepo," nikamwambia. "Moto unachezacheza."

Akaamini. Mambo ya moto aliniachia mimi.

Iddi ya kuchinja ikaja. Tulichinja mbuzi wawili. Shoga yangu alikuja kunisaidia kukata nyama, ana mimba ya miezi minne, amekaa kwenye kibao na kisu chake, ananitania kwamba mbuzi wangu wamenona kuliko mimi. Asubuhi ile alikuwa ameniletea vitumbua kwenye bakuli lake. Sahani zilitoka, ndiyo, lakini si kama zamani. Mwaka huo mkono wangu ulikata vipande vidogo. Vikubwa vilikwenda nyuma ya pazia. Na ini moja zima, jekundu, zuri, nikaliweka kwenye bakuli la shoga yangu kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, nikalisukuma kwenye chumba cha barafu. Nikasema bakuli nitamrudishia nikipata cha kutia.

Siku chache baadaye mimba yake ikaharibika. Alitoka damu nyingi. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Dresa wa hospitali alimwambia ale maini. Shoga yangu alikuja mwenyewe, polepole, ameshika kiambaza. Sikumwambia aingie.

"Shoga," akasema, "hukubakiza japo kipande cha ini?"

"Limekwisha, shoga yangu."

"Lote?"

"Si unajua wageni wa Iddi."

"Kweli," akasema. "Basi usijali."

Akarudi kwake. Miaka yote hii nimejitafutia sababu. Sikuwa na njaa. Sikuwa na mgeni niliyemtegemea. Mume wangu hata hapendi maini. Nilipenda tu kujua kwamba limo. Wengine wanaficha dhahabu, mimi nilificha ini la mbuzi, na niliyemficha ni mwanamke aliyenikanda.

Wiki ya pili, maji yakaanza kutoka chini ya mlango wa kabati. Moto ulikuwa wa buluu, safi kabisa, lakini juu baridi inakufa. Maji ya barafu niliyokuwa nikimwaga ovyo yalikuwa yamelainisha udongo, na mguu mmoja umezama. Nyama za mbele zilianza kulegea. Mume wangu akaenda kumwita yule mzee mpishi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani kalileta huku shimoni?"

Nikavuta pazia pembeni, mzee apite. Akapiga magoti, akaugusa mgongo wa kabati, akatikisa kichwa.

"Dawa imekwama upande mmoja. Dawa yake ni moja tu. Lipinduliwe."

"Lipinduliwe vipi?" mume wangu akauliza.

"Kichwa chini, miguu juu. Lilale hivyo mpaka kesho. Halafu lisimamishwe, lingoje siku nyingine, ndipo liwashwe. Leta wanaume wanne na godoro. Na ndani kisibaki kitu, hata punje."

Wanaume walikuja mara moja, hao hao wa mtaani niliowafichia. Shoga yangu alisikia kelele naye akaja. Nikamwambia rudi ukalale, akasema, "Nikalale una shida?" Akakaa kwenye mkeka apokee vitu.

"Nitatoa mwenyewe," nikasema. "Nyinyi ngojeni nje."

"Mama, wanaume hawa wana kazi zao," mume wangu akasema, akafungua mlango mbele ya wote.

Vikaanza kutoka. Paja. Mbavu. Paja la pili. Vifurushi vya majani ya mgomba, kimoja baada ya kingine, shoga yangu akivipanga kwenye sinia, na sinia likajaa akaomba jingine.

"Jamani, kumbe huku nyuma kuna bucha!" mmoja akasema.

"Na mimi Iddi nililetewa mfupa," mwingine akajibu, "nikasema masikini, mwaka huu kwa fundi hali mbaya."

Wakacheka sana. Mimi nilikuwa natazama chumba cha juu tu.

"Hapa pamebaki bakuli," mume wangu akasema. Alilivuta. Halikutoka. Kule juu barafu ilikuwa bado imelishika chini kama saruji.

"Liache," nikasema haraka. "Limeganda, halitaanguka."

"Lazima litoke," mzee akasema. "Likibaki litavunja kila kitu. Lete kitambaa na maji ya moto."

Nilileta mimi. Nilikwenda jikoni kwa miguu yangu, nikachovya kitambaa, nikakileta. Mume wangu akakizungusha, likaachia kwa mlio mdogo, tak. Akampa shoga yangu bila kuangalia.

Alilipokea kwa mikono miwili. Akalitazama ukingo.

"Hili langu," akasema, na akatabasamu, kama mtu aliyekutana na kitu chake kilichopotea. Halafu akapangusa ukungu wa barafu kwa kidole gumba. Akapangusa tena.

Wale wanaume hawakujua habari ya ini, lakini walimwona uso. Nilingoja anitukane. Nilikuwa na majibu tayari, mimi sikosi majibu. Hakunitukana. Alichukua kitambaa changu cha maji ya moto, akalipasha bakuli chini, akalipindua juu ya sinia, ini likaanguka zima, gumu, na umbo la bakuli. Akapangusa bakuli ndani na nje kwa upindo wa kanga yake. Akainuka akishika ukuta.

"Shoga, ngoja nitie kitu," nikasema.

"Hapana," akasema. "Nalichukua hivihivi."

Akatoka nalo tupu, mbele ya wanaume sita, mchana.

Kabati wakalipindua. Mzee alisema kweli, siku ya tatu liligandisha kama jipya. Mume wangu alilirudisha ukumbini mwenyewe, akaweka pima maji, akatafuta kile kipande chake cha mninga mpaka akakipata. Alipokwisha akaniambia neno moja tu, bila kunitazama, "Uliniambia ni upepo."

Nyama zile niliwapelekea watu zote. Walipokea, wakashukuru, na kesho yake wakasimulia. Wiki ile ile nilikwenda machinjioni alfajiri, nikanunua ini la ng'ombe lingali na joto la mnyama, nikalitia kwenye bakuli langu zuri kuliko yote, la maua, nikalivusha ua. Alilipokea vizuri. Kabla ya adhuhuri bakuli likarudi, mwenyewe amelileta, limejaa maharage ya nazi, ya moto. Nilifurahi kama mjinga. Nikadhani tumerudi.

"Limekufaa, shoga?" nikamuuliza. "Damu inarudi?"

"Ilisharudi," akasema. "Mume wangu alileta maini kutoka Bukene. Lako nimempa mjane wa nyuma. Ahsante sana, jirani."

Jirani. Alilitamka kwa adabu, wala hakulikaza.

Tulikaa ua kwa ua miaka minne baada ya hapo, mpaka alipomfuata mumewe. Alinisalimu kila asubuhi. Nikiumwa alikuja kunitazama, akakaa kwenye kiti, akaondoka kwa wakati wake. Kwa mtoto wangu wa pili alinikanda mwanamke mwingine, mikono yake migumu kama mbao. Kabati liliendelea kufanya kazi, na moto wangu ulikuwa wa buluu mpaka siku ya mwisho, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Bakuli lile lenye ukingo wa buluu nililiona kila siku kupitia mabua, limeanikwa kwenye kichanja chake, likikauka. Halikuvuka tena.