Mama Aliyeuza Ugali kwa Habari

Siapi. Kuapa ni kwa mtu mwenye hakika ya kila kitu, nami katika kisa hiki yapo mambo nisiyo na hakika nayo. Sijui kama ilikuwa saa saba au saa nane mchana. Sikumbuki bakuli lilikuwa la mti au la udongo. Lakini kula nilikula, na aliyekula pamoja nami yupo hai Bagamoyo. Mkimwona, mwulizeni.

Wakati huo wa Mwingereza nilikuwa mpima mizigo stesheni ya Tabora. Shule yangu iliishia darasa la nne. Nilikuwa nimemposa msichana aitwaye Zuhura, aliyekaa kwa shangazi yake mtaa wa Ng'ambo, na kaka yake Salehe akachukua likizo, akapanda treni kutoka pwani kuja kunitazama. Baba yao alikwisha kufariki, kwa hiyo Salehe ndiye mwenye kauli. Akisema hapana, ni hapana.

Salehe ni Mzaramo, nami ni Mnyamwezi. Watu wetu ni watani tangu enzi za misafara, basi hakunionea haya hata kidogo. Siku ya kwanza nilimpeleka hoteli iliyo karibu na stesheni. Pilau ikaletwa. Akaitazama, akanitazama mimi.

"Mtani, nimelalia benchi la treni usiku kucha nije kula pilau? Pilau mama yangu anapika. Chakula chenu kiko wapi, au mnatafuna magogo?"

"Kipo."

"Kipo wapi? Dada yangu anataka kuolewa huku. Nijue atakula nini."

Nataka kusema haki: pilau ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa ghali pia, nisingeweza kumlisha hivyo wiki nzima. Lakini alilouliza lilinichoma, kwa sababu mjini kote hapakuwa na hoteli iliyopika chakula cha kwetu. Sisi wenyewe tulikionea aibu. Mama yangu alikuwa mbali, Urambo, na mimi kapera, ningempikia nini?

Akaendelea, "Na pwani umewahi kufika wewe, au unaisikia tu?"

"Nimefika," nikasema. "Mara mbili."

Uongo. Upande wa mashariki mwisho wangu ni stesheni ya Tura, hapa hapa Unyamwezi. Lakini zamani kwetu mwanamume ambaye hajafika pwani alihesabiwa mtoto, na mtani wangu alilijua hilo vizuri. Ningesemaje mbele ya shemeji?

Mrina asali mmoja aliyeleta madebe yake stesheni ndiye aliyeniokoa, au aliyeniponza, sijui. Alisema katika njia ya zamani iendayo Ipole yupo mama anayepika chakula chetu chenyewe. "Pesa hataki," akasema. "Anataka habari za njiani tu."

Tulitoka alfajiri. Jua lilipokuwa kali tukaona moshi kati ya miyombo, kibanda cha nyasi, na mama wa makamo kavaa kaniki, miguuni bangili za nyaya tele.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, wanangu. Tueni mizigo mkae."

Mizigo hatukuwa nayo. Tulidhani ni namna yake ya kukaribisha.

Akatunawisha, akaleta. Ugali wa mtama, mwekundu, moto. Nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kayaunga kwa karanga mpaka mafuta yameelea juu. Na uyoga mbichi. Niamini, uyoga mbichi, nacho kiangazi kilikuwa kimekomaa na tone la mvua halijaanguka kwa miezi! Nililiona hilo, nikalinyamazia. Nani anamhoji mpishi mkono ukiwa chunguni?

Salehe alikuwa kimya, jasho linamtiririka.

"Mtani, mbona husemi?"

"Niache, nina kazi."

Sijawahi kujiona mkubwa kama saa ile. Nilitamani watu wote wa hoteli ya stesheni wangekuwapo, wamwone Mzaramo anavyofuta bakuli kwa kidole. Chakula cha mama zetu, tunachokificha mgeni akipiga hodi!

Tulipomaliza, mama akakaa mbele yetu. "Sasa nilipeni. Ugogo maji yapo? Wagogo wametoza hongo ya nguo ngapi safari hii?"

Salehe akacheka. "Mama, Ugogo nilipita nimelala. Mwenye habari ni huyu mwenzangu, amekwenda pwani mara mbili."

Mama akanigeukia mzima mzima. "Basi umemwona Maganga, mume wangu. Mrefu, ana sugu begani, amebeba jino la tembo. Umemwacha kambi gani?"

Ningesema sijui. Ni neno moja tu. Lakini Salehe alikuwa ananitazama, na tumbo langu lilikuwa limeshiba chakula nisichokilipia. Nikasema, "Nimemwacha salama, mama. Yuko nyuma yetu."

Alipiga kigelegele mpaka ndege wakaruka. Akainuka mbio, akatia mtama katika kinu, akaanza kutwanga, na sisi akatusahau.

Njiani Salehe akanishika bega. "Mtani, nimekubali. Nchi yenye chakula hiki haitamtesa dada yangu." Baada ya hatua chache akasimama. "Lakini yule mama... hongo ya Wagogo? Ushuru huo wa misafara ni maneno ya babu yangu, kabla ya reli."

Tukarudi. Palikuwa na mafiga matatu, nyasi zimeota katikati. Kibanda hakuna, majivu hakuna. Mikono yetu bado ilinukia karanga. Na mchi tuliusikia, tena karibu kabisa, unatwanga.

Siku ya nne mrina asali alikuja stesheni amekasirika. "Mlimwambia nini yule mama? Wapita njia hawapewi tena hata tonge. Anawafukuza. Anasema chakula ni cha Maganga, amekaribia. Anatwanga tu, hapumziki."

Sikuweza kula siku hiyo. Jioni nilimwendea Salehe, nikamwambia yote: sijafika pwani, mwisho wangu ni Tura. Nilijua ninamkosa Zuhura.

"Dada yangu nilikupa kwa ajili ya chakula, si kwa ajili ya safari zako," akasema. "Mimi umenidanganya, nami nitakutania mpaka ufe. Lakini kwa yule mama utakwenda, na utakwenda peke yako."

Nilikwenda. Kesho yake, wakati ule ule wa jua kali, nikasimama mbele ya mafiga, mchi nisiouona unalia. Nikasema kwa sauti, "Mama, nilikudanganya. Sikufika pwani. Maganga sikumwona."

Mchi ukanyamaza.

"Hukumwona?"

"Sikumwona, mama."

Kisha nikamwona, ameketi kama siku ile, bakuli lililofunikwa liko mapajani mwake. Alilitazama kwa muda mrefu. Halafu akalisukuma mbele yangu.

"Basi keti ule, mwanangu, kisipoe."

Nilikula chote, machozi yakidondokea nsansa. Nilipoinua kichwa palikuwa na miti tu. Tangu hapo mrina asali hajamwona, wala mpita njia mwingine. Je, nilimpumzisha, au niliwanyima watu wa njia ile mpishi wao? Mpaka leo sijui.

Zuhura ni mke wangu. Alijifunza mapishi kwa mama yangu, na mgeni akija kwetu kutoka pwani hatumpi pilau. Stesheni wananiita Bwana Sikumwona, kwa kuwa mtu akiniuliza kama ndugu yake yumo katika treni, na sikumwona kwa macho yangu, jibu langu ni hilo moja tu. Wanacheka, nami nawaacha wacheke.

Nawe ukipita njia za zamani, ukipewa chakula kizuri hivyo, ule ushibe, usione haya. Lakini ukiulizwa habari za mtu usiyemjua, sema humjui. Yupo anayekwenda kutwanga kwa sababu ya jibu lako.