Mama Yangu Alipokalia Benchi la Mbele

Moshi wa kuni mbichi hauondoki kwenye nguo kirahisi. Unaganda kwenye kitambaa, unaingia kwenye nywele, na hata ukifua kwa sabuni ya mawese unabaki kidogo. Juzi harufu hiyo iliingia ofisini kwetu, katika shule ya uuguzi ninayofundisha hapa Kindu. Ilikuja na baba mmoja Mtwa kutoka upande wa Obokote pamoja na binti yake. Walikuwa wanaomba moja ya nafasi zilizotengwa kwa watoto wa Watwa. Kabla hawajakaa, mwalimu mwenzangu alikwenda kufungua dirisha, na walipotoka tu akaanza: nafasi za kutengwa ni dhuluma, watu wote wafanye mtihani mmoja, anayeanguka aanguke.

Nilisimama nikalifunga lile dirisha.

"Na mimi nikiingia huwa unafungua?" nikamwuliza.

Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hakuwa amejua mimi ni mtoto wa nani. Sasa anajua, na ninyi nitawaambia.

Mimi ni Mtwa. Watu wa mji walituita mbilikimo, na hawakulitamka jina hilo kwa upendo. Nilizaliwa porini, huko huko upande wa Obokote. Vita vilipofika kwetu vilimchukua baba, na mama akanishika mkono tukatembea mpaka Kindu. Mji wenyewe ulikuwa umefungwa na vita kama chungu kilichofunikwa. Treni ilikuwa imelala stesheni, majani yameota katikati ya reli, na chumvi ilipimwa kwa kijiko kama dawa. Mama alitafuta kuni na majani ya kufungia chikwanga, ule mkate wa muhogo, akauza sokoni. Mimi nilimfuata nyuma, na watoto wa njiani wakajiziba pua.

Karibu na soko palikuwa na shule ya masista. Askari walikuwa wamelala mle madarasani, na walipoondoka mabenchi mengi yalikuwa yamekwisha kuwa majivu: waliyapasua wakapikia. Kwa hiyo shule ilipofunguliwa tena nafasi zilikuwa chache, na watoto wakapimwa kusoma na kuhesabu kabla ya kuingia. Sista mkuu, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta, akaamua kwamba nafasi chache zitakuwa za watoto wa Watwa, bila kupimwa. Alisema mtoto ambaye hajawahi kuruhusiwa kupita mlangoni hawezi kuulizwa kilichoandikwa ubaoni.

Katika mkutano wa wazazi alisimama fundi cherehani mmoja aliyeitwa Baba Idi. Hakuwa mtu mbaya, nawaambieni kweli. Alikuwa ameshika kofia yake mikononi, anaiminya.

"Mutoto yangu Idi anajua kusoma," alisema, "na amerudishwa nyumbani. Huyu," akaninyoshea kofia, "hajui hata a, anaingia. Kosa ya mutoto yangu njo gani?"

Watu wakapiga makofi. Mama akanishika bega.

Tukaanza masomo. Lakini mwalimu wetu, kwa kuogopa wazazi, alitukalisha sisi Watwa nyuma ya darasa, chini, kwenye mkeka. Alisema ni kwa sababu ya harufu. Jioni nilimweleza mama kama habari ya kawaida tu. Aliendelea kusonga bugali.

Asubuhi alivaa kikwembe chake kizuri, akaingia nami darasani, akaenda moja kwa moja hadi benchi la mbele, akakaa. Kisha akanivuta nikakaa ubavuni pake. Watoto wa benchi lile walibanana kama samaki kwenye kikapu.

"Mama," mwalimu akasema, "hapa iko nafasi ya wanafunzi."

"Najua. Ninamushikia mutoto yangu nafasi yake. Wewe fundisha tu."

Akafundisha. Angefanya nini? Alipouliza herufi, mama alijibu pamoja na watoto, kwa sauti kubwa kuliko wote, na karibu kila mara alikosea. Darasa zima likacheka mpaka likasahau kujiziba pua. Kelele zikamleta sista, na zikamleta pia Baba Idi, ambaye cherehani yake ilikuwa ng'ambo ya barabara.

"Munaona sasa?" akapaza sauti. "Hata mama yake anakamata nafasi!"

Mama akasimama. Alimfika kifuani tu.

"Baba Idi, mutoto yako iko na haki ya kusoma. Mimi sikatai. Lakini mutoto yangu hakumutoa. Waliomutoa njo wale walichoma mabenchi, na wale hukuwaambia kitu. Benchi ni muti. Muti sisi tunaujua. Tafuta musumeno, twende."

Baba Idi alimtazama sista, akatazama kofia yake, akatutazama sisi.

"Musumeno iko kwa ndugu yangu," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayesingiziwa.

Wakaenda. Mama na Watwa wenzake walichagua mti, Baba Idi na ndugu yake wakapasua mbao, na mabenchi yakaingia darasani yakiwa bado yanatoa utomvu. Idi akapata nafasi, na mkeka ukatolewa. Baadhi ya wazazi waliwahamisha watoto wao. Waende, mama alisema, watatuachia hewa. Jina la mbilikimo halikuisha, na Idi mwenyewe nilimpiga ngumi kwa ajili ya jina hilo kabla hatujawa marafiki.

Kwa muda mrefu niliamini mama hakuwa na woga. Mwaka jana, tukimenya mihogo uani, nilimwuliza kama siku ile hakuogopa.

"Niliogopa sana," akasema. "Lakini jioni ile ulinielezea ule mukeka huku unacheka. Ulisema chini kuna baridi nzuri. Nikaona mutoto yangu anaanza kuzoea. Ile njo iliniogopesha zaidi."