Orpha na Gobore la Gumegume

Mkono wa kulia wa Wendell Hoak ulianza kutetemeka mwaka uleule aliostaafu kazi ya kupasua mbao. Mwanzoni alisema ni kahawa. Akaacha kahawa wiki nzima, akawa mkali kama nyigu, na mkono ukaendelea kutetemeka vilevile. Daktari alipomtajia jina la ugonjwa, Wendell aliuliza swali moja tu: msimu wa kuwinda kwa gobore nitaufanyaje?

Huku kwetu kaskazini mwa Pennsylvania, milimani, msimu huo hauna mwenzake. Unaanza Krismasi ikishapita, watu wa bunduki za kisasa wakiwa wamemaliza kelele zao na kurudi mijini. Tunabaki wachache, wenye magobore ya gumegume. Baruti unaimimina kwenye mdomo wa mtutu, risasi unaishindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu, na cheche inatoka kwenye jiwe. Una risasi moja. Ukikosa, kulungu anavuka mlima kabla hujafika hata nusu ya kupakia nyingine.

Gobore lake Wendell aliliunda mwenyewe. Kitako alikichonga kwa majira matatu ya baridi, juu ya meza ya jikoni, huku mkewe Orpha akilalamika kwamba unga wa mbao unaingia kwenye unga wa ngano. Orpha alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alikuwa amepika jikoni mwa shule yetu miaka thelathini, na kwa miaka arobaini alikuwa amechuna, amekata na kupika kila kulungu aliyeletwa na mumewe. Kufyatua bunduki, hata siku moja hakuwahi.

Mimi ni Dale Krebs, jirani yao. Kati yetu kuna ua wa mbao tu. Siku ya Oktoba ambayo Wendell alijaribu shabaha nyuma ya banda lake, nilikuwepo. Mdomo wa mtutu ulikuwa ukizungukazunguka kama nzi anayetafuta pa kutua. Alijaribu mara tatu, kisha akaliteremsha gobore bila kufyatua.

"Dale, lichukue," akasema bila kunitazama. "Wewe mikono yako bado mizima."

 Orpha alikuwa amesimama barazani akifuta mikono kwa aproni.

"Dale ana la kwake. Nipe mimi."

"Wewe?"

"Kwani unamwona nani mwingine hapa?"

"Orpha, mke wangu, wewe mfuniko wa sufuria ukianguka unaruka hadi darini."

"Basi nifundishe nisiruke."

Kwanza ilibidi apate cheti, kama mwindaji yeyote mpya. Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa zimamoto, na wenzake darasani walikuwa watoto wa miaka kumi na moja, kumi na miwili, wote aliowahi kuwapakulia chakula cha mchana. Walimwita Bibi Hoak na kumsogezea kiti. Alirudi na alama za juu kuliko wote, akakibandika cheti mlangoni mwa friji. Wendell alikipita mara mbili akijifanya hakioni. Mara ya tatu akasimama akakisoma chote.

Halafu likaja somo lenyewe. Ugumu wa gumegume ni kwamba moto unawaka mbele ya uso wako, kwenye kisahani cha baruti, kabla risasi haijatoka. Mgeni hufumba macho, kichwa kikarudi nyuma, na risasi ikaenda inakojua yenyewe. Kwa hiyo Wendell alitoa jiwe, akabana kipande cha mti mahali pake, akamweka mkewe jikoni alenge ua lililochorwa kwenye karatasi ya ukutani. Juu ya mtutu aliweka kifungo cha koti. Orpha akifyatua na kifungo kikidondoka, hesabu inaanza upya.

"Kimedondoka."

"Nimeona, Wendell."

"Umefumba macho."

"Nilikuwa napepesa tu."

"Ulipepesa hadi nikadhani umelala."

Kwa wiki tatu, kila nikipita kuwaletea barua zao nilisikia kifungo kikigonga sakafu, kisha vicheko au matusi madogo. Siku moja nilisimama mlangoni nikasubiri, na kifungo hakikugonga chochote. Nikachungulia. Orpha alikuwa bado amelenga, uso umetulia kama mtu anayesoma, na Wendell amekaa kitini akimtazama. Sikubisha hodi. Barua niliziacha barazani.

Novemba wakatoka kupiga kwa baruti ya kweli. Wendell alisimama kando yake akieleza kila hatua. Mimina baruti kwanza kwenye kipimo, usimimine kamwe moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia baruti. Weka kitambaa chenye mafuta, risasi juu yake, shindilia mpaka alama ya mdeki ilingane na mdomo wa mtutu. Mwishoni kabisa ndipo utie baruti kidogo kwenye kisahani. Alieleza na kueleza. Orpha akalenga, akavuta. Moshi ukafuka kidogo pembeni, fuu, kisha kimya.

"Haijatoka," akasema Orpha.

Wendell aliangalia alama ya mdeki, akaangalia pembe ya baruti, akaanza kutikisika mabega.

"Mama, umetia kitambaa, umetia risasi. Baruti je?"

"Wewe ulikuwa unaniongelesha!"

Alicheka mpaka ikabidi ashike ua wa mbao, na machozi yakamtiririka. Tangu siku ya daktari sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Ilituchukua muda mrefu kuichomoa ile risasi kwa skrubu, na tangu siku hiyo Orpha aliweka sheria: akishika pembe ya baruti, mume hana ruhusa ya kufungua mdomo.

Msimu ulipofunguliwa, siku mbili za kwanza hawakuona kitu. Ya tatu ilinyesha mvua ya barafu, wakabaki nyumbani na supu. Ijumaa ya kwanza ya Januari anga likatakata, baridi kali, theluji ya juzi ikiwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Wakapanda taratibu hadi kwenye msonobari mkubwa juu ya kijito, wakakaa bega kwa bega, Orpha juu ya mto wa kochi, Wendell juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Haya aliyonisimulia Orpha nayaandika kama alivyosema. Mkono wa Wendell ulikuwa ukitetemeka na kusugua koti, cha, cha, cha, na katika utulivu ule sauti hiyo ilisikika mbali. Aliuweka chini ya paja ikashindikana. Akanong'ona, "Bora nirudi nyumbani. Nakuharibia."

 Orpha aliuchukua ule mkono, akauingiza kwenye mfuko wa koti lake pamoja na wake, akaushika. Walikaa hivyo saa nzima na zaidi, kama vijana kanisani.

Kisha wakaja, majike watatu, wakishuka kijitoni mmoja nyuma ya mwingine. Orpha akautoa mkono polepole, akaegemeza mtutu kwenye tawi. Yule wa mbele akageuka ubavu. Akavuta.

Fuu.

Kisahani kiliwaka, mtutu haukujibu. Kulungu wakainua vichwa. Hawakukimbia, walisimama wakiutazama ule moshi mdogo bila kuuelewa. Wendell, mtu aliyekuwa na la kusema kuhusu kila kitu, aliingiza glavu mdomoni akaiuma. Orpha akachukua sindano ya waya iliyoning'inia shingoni mwake, akazibua kitundu cha kupitishia moto, akatia baruti mpya, akafunga, akalenga tena. Vidole havikumcheza hata kidogo, alisema.

Safari hii mlima mzima uliitikia. Moshi mweupe ukatanda, hawakuona kitu.

"Umempiga?" Wendell akauliza.

"Sijui. Ila sikufumba macho."

Alitaka kukimbia kuangalia. Wendell akamshika mkono wa koti. "Pakia kwanza."

Akapakia, mume kimya. Ndipo wakashuka kufuata damu juu ya theluji, na hatua sitini mbele, kwenye vichaka, yule jike alikuwa amelala, ameshakufa. Orpha alikaa palepale kwenye theluji akalia. Wendell alipiga magoti, akauweka mkono wake unaotetemeka juu ya ubavu wenye joto, na Orpha akaweka wake juu.

Mimi nilikuwa nimesikia mlio, nikaja na sleji, kile kigari cha kuburuta juu ya theluji. Nilipofika, Orpha alikuwa ameshafuta machozi na amekunja mikono ya koti, akimpasua yule kulungu kwa ufundi ambao mimi mwenyewe sina.

"Mwangalie, Dale," Wendell akaniambia. "Miaka arobaini nimekaa ndani ya nyumba moja na mwindaji, sikujua."

"Hukuuliza," akasema Orpha.

Msimu uliofuata Wendell hakuweza tena kupanda mlima. Orpha alikwenda peke yake siku saba, na zote saba alirudi mikono mitupu. Akirudi, hakuvua hata buti; aliketi ukingoni mwa kitanda, theluji ikiyeyuka sakafuni, akamweleza yote: upepo ulikotoka, kunguru alivyopiga kelele, nyayo alizoziona kijitoni na zilikoelekea. Wendell alimsikiliza macho yamefumbwa.

"Nyayo zilikuwa na umande wa barafu ndani?" aliuliza.

"Hazikuwa nao."

"Basi ni za asubuhi ileile. Kesho kaa upande wa chini."

"Nitakaa," Orpha alisema, na kumfunika miguu.