Mfuniko wa Mjerumani

Zamani Mjerumani, kabla hajaondoka, aligundua ziwa chini ya Songea nzima, akalifunika kwa mfuniko wa chuma mzito kuliko kanisa. Ufunguo uko ofisini kwa watu wa maji. Kiangazi kikizidi, wanafungua kidogo. Niliyaamini haya kuliko cheti changu cha masomo ya jioni, na cheti hicho nimekitundika sebuleni juu ya televisheni.

Kwa hiyo mwaka ule mvua zilipokatika mapema, gari la matangazo likapita mtaani kwetu Lizaboni likisema kina cha maji kwenye chanzo kinashuka kila wiki, watu waweke akiba, mimi nilicheka mpaka kuku wa jirani wakakimbilia Ruhuwiko.

Mdogo wangu wa kike hakucheka. Alikuwa na banda la chai na maandazi kule Majengo, na watoto wake walikula kwa banda hilo. Wakati huo mchimba visima alikuwa mtaani kwake, akiwachimbia majirani.

"Kaka, nimwambie anichimbie na mimi? Pesa ya kumwanzia ninayo."

"Kisima cha nini? Wakizidiwa watafungua mfuniko. Tutaogelea mpaka sokoni!"

"Una hakika?"

"Fizikia nimesoma mimi, au umesoma wewe?"

"Haya, profesa."

Mchimbaji akahamia mtaa mwingine.

Bomba likaanza kutoa maji kwa mgawo, kisha likawa linakohoa hewa tu. Maji ya madumu, yale ya kuletwa na bodaboda, yakawa ghali kuliko chai yenyewe. Bado nikamwambia subiri, kesho wanafungua. Yeye alisubiri. Wateja hawakusubiri. Siku aliyokunja turubai la banda nilimsaidia kubeba mabenchi.

Baadaye watu wa maji waliwachukua wakazi wakajionee chanzo. Mdogo wangu akaenda. Alirudi na vumbi mpaka magotini, akaketi kizingitini kwangu.

"Mfuniko umeuona?" nikauliza. Hata hapo nilikuwa bado natumaini.

Alikunywa kwanza maji niliyompa, akanirudishia kikombe.

"Hakuna mfuniko, kaka. Kuna kijito, na ubao wa kupimia wenye namba. Maji yameshuka chini ya namba ya mwisho. Yanatokana na mvua, na mvua haikunyesha."