Jina la Baba Kwenye Mninga

Mama alishuka kutoka Matombo wiki ileile niliyokuwa nahangaika na joto la mashine. Alikuja na mkungu wa ndizi na ombi moja: msalaba wa mninga wenye jina la baba, uwekwe kaburini siku ya misa ya arobaini. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nyumbani kwangu, chini ya mlima, nina mashine niliyoiunda mwenyewe, inayoandika juu ya mbao kwa mwanga wa leza. Nikakubali bila kufikiri.

Tatizo lilikuwa dayodi, vile vidude viwili vinavyotoa huo mwanga. Vikipata moto, mwanga hufifia. Kila nilipojaribu kwenye kipande cha ubao, herufi za kwanza zilitoka nyeusi, za katikati kahawia, za mwisho hazikuonekana kabisa. Nilimkumbuka baba kitandani, sauti yake ikipungua vivyo hivyo.

Nikapata kipoza joto, kipande cha alumini kisichozidi kiberiti, chenye mapezi membamba ya kutawanya joto hewani. Kikubwa zaidi kisingeenea kwenye mashine. Alasiri moja nikazifunga dayodi juu yake, nikabana kipimajoto ubavuni, nikaelekeza mwanga kwenye tofali. Mama alikaa mkekani, kavaa miwani yangu ya akiba ya kukinga macho, ya rangi ya chungwa.

"Dunia yote imekuwa papai," alisema, akitazama taratibu ukuta, viganja vyake, kisha mlango.

Namba zikapanda. Zikazidi kupanda, na mwanga ukaanza kulegea. Nikazima.

"Kimeshindwa?"

"Bado, mama. Nakigeuza."

Nilikuwa nimekilaza. Sasa nikakisimamisha wima, ili hewa ya moto ipate njia ya kupanda katikati ya mapezi. Nikasubiri kipoe, nikawasha tena. Nje ukungu ulikuwa ukiteremka mlimani, ukifunika migomba shamba kwa shamba, hadi dirisha likawa jeupe tupu. Namba zilipanda kwa uvivu, zikapunguza mwendo, zikatulia. Mwanga haukubadilika. Nilihisi kama chumba kimeng'oka na kinaelea na sisi ndani yake.

"Baba yako alipenda ukungu kama huu," mama akasema. "Ukishuka, alikuwa haongei."

"Mama, hata kwenye jua alikuwa haongei."

Akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka, nikaruka kuzima mashine.

Kesho yake tukaulaza msalaba mezani. Jina likaungua herufi baada ya herufi, moshi mwembamba ukipanda, mimi nikiwa nimebana pumzi kama mtu anayevuka mto na mzigo kichwani. Herufi ya mwisho ikatoka nyeusi kama ya kwanza.

Mama alipitisha kidole juu ya jina, akarudia, akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akaingia jikoni, akarudi na mbuzi yangu ya kukunia nazi, akaiweka mbele yangu.

"Na langu liandike hapa," alisema. "Nilione nikiwa hai."