Sentensi Ndefu za Baba

Kila nikifungua kitabu kilichokaa miaka mahali pakavu, harufu yake ya karatasi na vumbi jembamba hunirudisha Riyadh, kwenye fleti yetu ya Sulimaniya. Baba alikuwa mwalimu wa Kiingereza, kaja kwa mkataba kutoka Unguja. Alasiri, akishavua viatu, alitusomea riwaya za bibi mmoja wa Kiingereza wa zamani sana, huku akitufasiria. Sentensi za bibi yule zilikuwa ndefu. Zilianza kwa sifa, zikapinda hapa na pale, na mpaka ufike kwenye nukta, aliyesifiwa kashaumbuka.

Mama, aliyejua Kiingereza cha dukani tu, alikuwa akicheka mpaka anaweka kisu chini. "Huyu anakutukana huku anakumiminia chai," alisema. "Angezaliwa kwetu angetunga majina ya kanga."

Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka tisa, na nilitaka watu waseme wanachotaka kusema.

Wakati huo Mamdogo Rehema, mdogo wake Mama, alifanya kazi za ndani Jeddah. Mkataba wake ulikwisha, na bibi yangu alikuwa mgonjwa Unguja, lakini kila alipoomba kuondoka bosi wake alimjibu, "Bukra, inshallah," kesho isiyofika, na pasi yake ya kusafiria ikabaki kabatini mwa bosi. Likizo ilipofika, Baba akatupakia garini tukaenda.

Mama alipelekwa kwa wanawake. Mimi nilikaa na Baba kwa wanaume, ambako bosi alikuwa na wageni wake. Alikuwa amesoma Ulaya na alipenda kuzungumza Kiingereza mbele za watu. Nikasubiri Baba agombe.

"Nimekuja kukushukuru," Baba alianza, kwa Kiingereza chake cha vitabuni. "Shemeji yangu ametusimulia wema wako, hata nikisikia kwamba wapo waajiri wanaomzuia mtu aliyemaliza mkataba, na mama yake yu kitandani, nasema kwa bahati yeye yuko kwenye nyumba ya heshima, ambayo mtu haendi kuomba, anakwenda kuuliza siku tu."

Wageni wakamgeukia bosi. Mmoja akakohoa. Bosi alikizungusha kikombe cha gahawa vidoleni, akatabasamu kwa taabu.

"Alhamisi," alisema. "Bila shaka, Alhamisi."

Garini nilikuwa nimenuna. "Baba, mbona umemsifu mtu mbaya?"

"Kwani nimemsifu?"

"Mwache," Mama alisema. "Atakua."

Mamdogo alimkuta bibi yu hai, akamuuguza mwenyewe mpaka mwisho. Nami nilikua. Nilipokuja kuzisoma riwaya zile chuoni, nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakanitazama. Nikaelewa pia kwamba ikama ya Baba, kibali chake cha kuishi kule, ilikuwa mkononi mwa kafili wake, mwenyeji aliyemdhamini, na neno moja la ukali kwa mwenyeji kama yule lingeweza kuturudisha nyumbani sote. Katika sentensi ile ndefu hapakuwa na neno la kumshika nalo.

Jambo moja lilinichukua muda zaidi kulielewa. Tulipotoka Jeddah, Baba alisimama kwenye kituo cha mafuta. Mikono yake ilitetemeka hata Mama akamfungulia chupa ya maji na kumshikia anywe. Nilidhani ni njaa, nikampa biskuti zangu, naye akazila zote.